Je, Wajua? Bendera ya Ofisi Juu ya Mlingoti

Je, wajua kwamba meli ya biashara ikiingia bandarini huweza kupeperusha bendera tatu, na kila moja ina swali lake inalolijibu? Ya tezini, nyuma kabisa, inasema meli imesajiliwa nchi gani. Ya mlingoti wa mbele ni ya adabu: ni ya nchi ya mwenyeji, sawa na mgeni anayepiga hodi kabla ya kuvuka kizingiti. Ya tatu hupanda mlingoti mkuu, na hiyo haihusiani na serikali yoyote. Inamtaja mwenye mali. Waswidi huiita kontorsflagga, yaani bendera ya ofisi, na mimi nalipenda jina hilo kwa kukosa majivuno. Halitaji taifa wala ushujaa. Linasema kuna meza mahali fulani, kuna karani na daftari, na kuna mtu anayengoja pesa yake irudi.

Kungoja kwenyewe hakukuwa mchezo. Kabla ya telegrafu, tajiri aliyetuma meli ng'ambo hakujua kama bado inaelea mpaka mtu aione kwa macho. Waingereza wa Liverpool walisimika safu ya milingoti juu ya kilima cha Bidston. Mlinzi akiona meli inachomoza baharini, anapandisha bendera ya mfanyabiashara mwenye meli hiyo, na mwenyewe, akiwa mjini upande wa pili wa mto, anapata muda wa kutafuta wapagazi na nafasi gatini. Neno letu "bendera" nalo tulilipata kwa Wareno. Nao hawakuja kutupungia mkono tu, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Bendera iliyodhaniwa ya uongo

Kampuni ya Uswidi ya India ya Mashariki ilipewa hati ya mfalme mwaka 1731, makao yake Göteborg. Waswidi wakati huo hawakuwa na mazoea ya safari za Uchina. Waliokuwa nayo ni Waskoti na watu wa Ostend, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Kampuni yao ya Ostend ilisimamishwa mwaka 1727, Uingereza na Uholanzi zikiishikia bango. Walibaki na mtaji, na ujuzi wa soko la Canton huko Uchina, na mabaharia wanaoijua njia. Kilichowapungukia ni bendera tu. Uswidi bendera ilikuwa nayo.

Basi Februari 1732 ikang'oa nanga meli ya kwanza, Friedericus Rex Sueciae, maana yake Fredrik Mfalme wa Uswidi. Kwa jina hilo peke yake ungedhani hakuna atakayethubutu kuuliza maswali. Msimamizi wa biashara melini alikuwa Mskoti, Colin Campbell, naye alibeba pia hati za kumfanya mjumbe wa mfalme. Walifika Canton, wakanunua, wakageuza. Wakati wa kurudi, baina ya Java na Sumatra, Waholanzi wakawazuia na kuwapeleka Batavia, Jakarta ya leo. Campbell akatoa karatasi zake zote mezani. Waholanzi wakajibu kwamba walihofu meli inasafiri chini ya bendera ya Uswidi isiyo halali.

Waliachiliwa, lakini upepo ulikuwa umeshawakimbia. Msomaji wa pwani anayejua kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa maana ya kuukosa msimu. Mabaharia wengi walikufa kabla ya meli kuona Göteborg tena, Agosti 1733. Hata hivyo safari ililipa, na kampuni ikaendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, safari 132 kwa jumla, nyingi mno zikienda Canton kwa ajili ya chai.

Siri nayo ilitunzwa kwelikweli. Safari ikiisha na hesabu zikikaguliwa, vitabu vilichomwa moto, asije mtu kujua nani aliweka kiasi gani na nani alipata faida gani. Bendera ilionekana na kila mwenye darubini. Majina ya waliokuwa nyuma yake yalikwenda na moshi. Jumba la kampuni, Ostindiska huset, bado limesimama Göteborg, na siku hizi ni makumbusho ya jiji.

Kuzama mlangoni kwa mwenyewe

Meli nyingine ya kampuni hiyo, Götheborg, ilirudi kutoka Uchina tarehe 12 Septemba 1745, baada ya miaka miwili na nusu ya safari. Tumboni ilikuwa na takriban tani 700 za shehena: chai, hariri, vyombo vya kauri. Rubani alikuwa ameshapanda. (Rubani ndiye huyo wa zamani, wa kuongoza meli bandarini, wa ndege amelirithi jina tu.) Ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja kufika kwenye ngome ya Nya Älvsborg, jamaa wanaweza kuona milingoti, meli ikapanda mwamba unaojulikana na kila mvuvi wa pale na kuketi juu yake. Hakufa mtu. Sehemu ya shehena iliopolewa, ikauzwa mnadani, na wenye hisa wakapata faida hata hapo. Ukitaka kupima ukubwa wa faida ya chai enzi hizo, anzia hapo.

Mikia mitatu marufuku

Kwa amri ya kifalme ya tarehe 6 Novemba 1663, bendera ya Uswidi yenye ncha tatu kama ulimi uliopasuliwa ni ya dola na jeshi. Meli ya mfanyabiashara ilitakiwa kutumia ile iliyokatwa mraba. Amri kama hiyo haitungwi bila sababu: mfanyabiashara akijifanya manowari, maharamia humpitia mbali, na watoza ushuru pia husita.

Ushuru wenyewe haukuwa wa kupuuza. Wadenmaki waliketi Helsingør, pale mlango wa bahari ya Baltiki unapobana, wakitoza kila chombo kinachopita. Waswidi walisamehewa ushuru huo mpaka mwaka 1720, walipopoteza haki hiyo katika mkataba wa amani baada ya vita virefu. Ushuru ulifutwa kabisa mwaka 1857. Kwa hiyo kabla ya 1720, rangi ya kitambaa cha tezini ilikuwa fedha taslimu.

Kusini mambo yalikuwa makali zaidi. Uswidi ilifanya mkataba na Algiers, kituo cha maharamia wa Afrika Kaskazini, mwaka 1729 ili meli zake zisikamatwe Bahari ya Mediterania, na manahodha wake wakawa wanabeba pasi maalumu za kuonyesha. Norwei ilipounganishwa na Uswidi chini ya mfalme mmoja mwaka 1814, haikuwa na ulinzi kama huo. Ndiyo maana meli za Norwei zilikatazwa kupeperusha bendera yao mpya kusini ya rasi ya Finisterre, ncha ya kaskazini-magharibi ya Hispania, mpaka mwaka 1838. Huko walipita kwa bendera ya Uswidi. Mnorwei mwenye fahari alipaswa kuchagua baina ya moyo wake na minyororo ya Algiers.

Mwaka 1844 likabuniwa suluhisho la kupendeza kila mtu: kwenye kona ya bendera za nchi zote mbili pakawekwa alama moja iliyochanganya rangi za zote mbili, nyekundu, nyeupe, buluu na manjano, pembetatu juu ya pembetatu. Haikumpendeza karibu mtu yeyote. Watu waliibatiza Sillsallaten, jina la saladi ya samaki wa heringi na kiazisukari chekundu. Sisi tungesema wamepeperusha kachumbari. Wanorwei waliiondoa kwenye bendera ya biashara mwaka 1899, na Waswidi walifuata mwaka 1905, muungano ulipovunjika.

Ugomvi wa herufi na sindano

Hapa nina jambo dogo ambalo, nikishaliona, siwezi tena kuitazama bendera ya kampuni bila kulitafuta. Bendera ina pande mbili. Shika kitambaa chepesi cha sufu, kile kilichoshonewa bendera za meli kwa miaka mingi kwa sababu hukauka upesi na hupepea hata kwa upepo hafifu. Kata tundu la umbo la herufi katikati, ushonee kipande cha rangi nyingine humo. Upande wa mbele ni safi. Sasa zunguka nyuma: kama herufi ni A, H, O, T au W, hakuna kilichoharibika. Kama ni J, S au G, imegeuka kama maandishi kwenye kioo, na baharia wa upande ule anasoma kitu kisichokuwemo katika alfabeti.

Fundi ana njia mbili. Ashone bendera ya tabaka mbili, nzito, inayoning'inia kama taulo upepo ukipungua. Au akubali upande mmoja uwe wa kinyume. Ndiyo sababu nyota, duara, taji, msalaba na mistari vilipendwa sana na wenye meli. Havina kushoto wala kulia. Olof Wallenius, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1934, alikuwa na bahati ya nusu: herufi za jina lake, O na W, kila moja peke yake ni sawa pande zote, lakini zikikaa pamoja na kutazamwa kwa nyuma zinasomeka WO. Juu ya dohani, ambako meli zake zilichorwa OW, tatizo hilo halipo, kwa kuwa kila ubavu huchorwa kivyake.

Dohani inapoishinda bendera

Dohani, au bomba la moshi kama wengi wanavyosema siku hizi, ndiyo iliyokiua kitambaa. Bendera ya ofisi ikikosa upepo haisomeki. Dohani ni ubao wa tangazo wa mita kadhaa usiojikunja. Tangu meli za mvuke zienee, alama ya kampuni ilihamia huko. Mfano ulio karibu nasi si wa Uswidi bali wa jirani yake: ile nyota nyeupe ya pembe saba iliyo kwenye makontena yanayopanda barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa alama ya dohani kwanza. Nahodha Peter Mærsk Møller wa Denmaki aliiweka kwenye meli yake Laura mwaka 1886.

Waswidi waliohamia Marekani walizijua dohani za wengine kabla ya kuijua ya kwao. Zaidi ya watu milioni moja waliondoka Uswidi kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1920, na wengi sana walianza safari Göteborg kwa meli za kampuni ya Wilson ya Hull, Uingereza, kisha treni hadi Liverpool na meli nyingine ya Kiingereza kuvuka Atlantiki. Meli za Wilson zilikuwa na mwili wa kijani na dohani nyekundu yenye ncha nyeusi, na mabaharia wakaziita kasuku wa Wilson. Nauli ya taifa zima ikaingia mifukoni mwa wageni.

Ndipo mwishoni mwa 1914 ikaundwa kampuni iliyokuja kuitwa Svenska Amerika Linien. Meli yake ya kwanza ilinunuliwa ikiwa kuukuu kutoka Uholanzi, ikapewa jina Stockholm, na ikaondoka Göteborg kwenda New York tarehe 11 Desemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Ilipokuwa bado ya Waholanzi moto wake ulikuwa mgumu kuwaka, ikarefushwa dohani ili ivute hewa, na watu wakaitania kwa urefu wake. Kwa kampuni yenye alama mpya ya kuonyesha, sidhani urefu huo ulikuwa hasara.

Alama yenyewe: dohani ya manjano, duara la buluu, na ndani yake mataji matatu ya dhahabu. Mataji hayo ni nembo ya Uswidi tangu karne ya 14, na si nembo ya kuchezea. Mfalme wa Denmaki alipoyatia kwenye ngao yake, yakawa miongoni mwa sababu za vita vya mwaka 1563 hadi 1570, ambavyo wengine huviita vita vya mataji matatu. Na sasa yakapandishwa dohanini kuuza tiketi. Mhamiaji aliyesimama gatini New York hakuhitaji kujua kusoma.

Kisha injini ya dizeli ikaleta balaa la kuchekesha: haihitaji dohani kubwa. Selandia, meli ya Denmaki ya mwaka 1912, haikuwa na dohani hata moja. Moshi ulitokea mlingotini. Mwenye meli angepaka rangi zake wapi? Na abiria waliamini meli yenye dohani nyingi ndiyo yenye nguvu. Basi wakajenga dohani za bandia. Kungsholm ya mwaka 1966, mojawapo ya meli za mwisho za Svenska Amerika Linien, ilikuwa na dohani mbili za kupendeza, na ya mbele haikutoa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wamiliki wapya waliing'oa. Niliposoma habari hiyo nilikasirika kidogo, kana kwamba wameing'oa kwangu.

Mataji matatu Lourenço Marques

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uswidi haikuwa upande wowote. Tatizo la kutokuwa upande wowote baharini ni kwamba lazima uonekane. Meli za Uswidi zilizoruhusiwa na Wajerumani na Waingereza kupita zilipakwa bendera ya taifa ubavuni pamoja na neno SVERIGE kwa herufi kubwa kupita kiasi, na usiku ziliwashwa taa zote, wakati meli za wengine zilipita gizani kama wezi. Hapo kontorsflagga haikuwa na kazi. Nahodha wa nyambizi hajali ofisi ni ya nani.

Gripsholm, ya mwaka 1925, ambayo ilikuwa meli ya kwanza ya abiria ya dizeli kuvuka Atlantiki ya Kaskazini, ilikodishwa na serikali ya Marekani kwa kazi ya kubadilishana watu. Ubavuni ikaandikwa pia DIPLOMAT. Juni 1942 iliondoka New York na Wajapani, akiwemo balozi wao Nomura, ikachukua wengine njiani hadi wakafika wapatao 1,500, ikaizunguka Afrika kwa kusini na kuingia Lourenço Marques, Maputo ya leo, bandari ya Wareno ambao nao hawakuwa vitani. Kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi zikaja Asama Maru na Conte Verde na idadi inayokaribiana na hiyo ya Wamarekani na wengineo, pamoja na balozi wao Joseph Grew.

Julai hiyo, katika gati moja la pwani yetu hii ya Afrika, makundi mawili ya watu ambao nchi zao zilikuwa zinauana yalishuka na kupishana, kila mmoja na mzigo wake, yakabadilishana meli. Waliopanda Gripsholm walikuwa wamekula chakula cha kifungo kwa miezi. Sitahani walikuta meza ya Kiswidi imeandaliwa: nyama baridi, samaki, jibini, mayai, matunda, kila mtu ajipakulie. Juu yao, dohani za manjano na mataji matatu.

Majina, upesi upesi

Kama huoni bendera, jina hukwambia kampuni. Svenska Amerika Linien walipenda -holm: Kungsholm, Gripsholm, Drottningholm. Rederi AB Transatlantic, kampuni ya mwaka 1904 iliyoanza kwa njia ya Afrika Kusini, ilizipa nyingi majina ya maziwa ya Uswidi: Tisnaren, Yngaren, Roxen. Meli za kubeba madini ya chuma za Grängesberg zilibeba majina ya kaskazini ya mbali, kama Kiruna na Abisko. Wallenius alipenda opera, nazo meli zake zikaitwa Aida, Carmen, Figaro.

Ninalolishangaa zaidi ni la Axel Broström. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1890 aliiita Tirfing, jina la upanga wa hadithi za kale za Kaskazini uliolaaniwa: kila ukichomolewa, lazima umuue mtu. Mwaka huohuo Axel Johnson aliichagulia ya kwake Nordstjernan, Nyota ya Kaskazini. Mimi ningepeleka mzigo wangu kwa Johnson.

Meli moja, rangi nyingi

Stockholm nyingine ya Svenska Amerika Linien, iliyoanza kazi mwaka 1948, ndiyo iliyogongana na Andrea Doria ya Italia usiku wa tarehe 25 Julai 1956 karibu na Nantucket. Walikufa watu 51. Andrea Doria ilizama asubuhi yake; Stockholm ilirudi New York ikiwa imebomoka omo. Ikatengenezwa, na mwaka 1960 ikauzwa Ujerumani Mashariki, ikawa Völkerfreundschaft, Urafiki wa Mataifa. Baadaye ikawa Italia Prima, na mwishowe Astoria, pamoja na majina mengine katikati. Mpaka mwaka 2020 ilikuwa bado inabeba watalii. Bendera hufuata upepo, wasemavyo wahenga. Chuma hiki kilifuata soko, na kila mnunuzi akaja na ndoo yake ya rangi.

Wenye bendera wenyewe hawakudumu hivyo. Svenska Amerika Linien iliacha abiria mwaka 1975. Kampuni ya Sven Salén, iliyokuwa na meli nyingi zenye majokofu za kubebea ndizi na matunda mengine, ilifilisika mwaka 1984. Salén mwenyewe watu wa mashua wanamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 1926, katika mashindano huko Genova, Italia, alitumia tanga kubwa la mbele linalopita nyuma ya mlingoti. Likapewa jina la mji ule, jenoa, na linatumika duniani kote. Mwaka 1936 alipata medali ya shaba ya Olimpiki.

Wasioamini redio

Ile Götheborg iliyozama 1745 ilichongwa upya kwa mbao, ikashushwa majini Juni 2003, na mwaka 2005 ikaelekea Uchina kwa njia ya babu zake. Aprili 2023 ilikuwa pwani ya Ufaransa, upande wa Bretagne, iliposikia redioni mashua ndogo ya Wafaransa iliyovunjika usukani ikiomba msaada. Götheborg ikajibu kwamba iko karibu, na kwamba ni meli ya matanga ya mita 50 yenye milingoti mitatu. Wale Wafaransa walidhani redio imewachanganya maneno. Kisha chombo cha karne ya 18 kikachomoza mbele yao, kikawarushia kamba, na kuwavuta mpaka karibu na bandari ya Paimpol.